Sinki la Urefu wa Magoti

Ulikuwa mlio mmoja tu, mzito, kama kengele ya kanisa iliyofunikwa blanketi. Nilikuwa jikoni kwangu nakata vitunguu. Nikaweka kisu chini. Nilijua ni nini: Arvo ameling'oa sinki la Lempi, na limemponyoka.

Nyumba zetu zilijengwa na kampuni ya mgodi wa shaba, zote sura moja, zimetazamana dirisha kwa dirisha, na kila moja ilipewa sinki la chuma kizito lililopakwa kauri nyeupe. Mgodi ulifungwa, kampuni ikaondoka, masinki yakabaki. Kwa miaka arobaini na sita Lempi Hautala alisimama mbele ya lake na mimi mbele ya langu, theluji katikati yetu, na kila asubuhi aliyewahi kuamka alimwinulia mwenzake kikombe kupitia kioo. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Tangu Januari nilikuwa nainua kikombe changu nikaona pazia.

Mumewe, Arvo, alifanya kazi chini ya ardhi mpaka mgodi ulipofungwa, halafu akaendesha gari la serikali la kusukuma theluji barabarani mpaka alipostaafu. Kazi zote mbili hazihitaji maneno. Maneno aliyaweka kama watu wanavyoweka vyombo vya wageni, yapo, lakini hayatolewi ovyo. Lempi ndiye aliyekuwa akisema kwa niaba ya wote wawili. Ukimuuliza Arvo kama kahawa ni tamu, Lempi atakujibu kwamba ni chungu kidogo lakini Arvo anaipenda hivyo.

Kisha kiharusi kikamkamata Lempi akikanda mkate wa iliki. Mkono wa kulia ukapooza, na miguu ikapooza. Wakampeleka wodi ya mazoezi ya viungo, mwendo wa saa nzima kutoka kwetu, na mwanzoni mwa Machi wakasema sasa anaweza kurudi nyumbani, ila kwa kiti cha magurudumu, na hatasimama tena.

Siku hiyo mimi na Arvo tulikuwa tumekaa kando ya kitanda chake. Arvo akasema, "Nimeshaweka mbao mlangoni. Kiti kitapita."

"Sirudi," Lempi akasema.

"Hurudi wapi?"

"Nyumbani. Nirudi nikakae kama mgeni, nikikutazama wewe unavyoosha vikombe na kuviacha na mafuta?"

"Naosha vizuri."

"Unaosha kama mtu anayeogopa maji."

Nilicheka. Hata Arvo alicheka, kwa pua, anavyocheka yeye. Lempi hakucheka. Alikuwa anautazama ule mkono wa kulia uliolala juu ya shuka.

"Lile sinki nalifikia kwa miguu, Arvo," akasema. "Miguu ndiyo hiyo tena."

Baadaye wauguzi walimkalisha kwenye kiti cha magurudumu, akasinzia, na Arvo akatoa mfukoni uzi wa katani. Akapiga goti, mzee wa miaka sabini na minne, akaushika uzi kwenye sakafu kwa kidole gumba na kuuvuta mpaka juu ya goti la mkewe. Akafunga fundo. Akauvuta tena mpaka mkono wa kiti, akafunga fundo la pili. Aliponiona namtazama akaweka kidole mdomoni.

Garini nikamuuliza, "Unamtengenezea sinki?"

"Usimwambie."

"Kwa nini? Si atafurahi?"

"Haijaisha."

Sikuuliza zaidi. Huku kwetu kazi ambayo haijaisha haitajwi. Ukiitaja unajisifu, na ukijisifu itakushinda. Marehemu mume wangu, Eino, alijenga nyumba ya kuogea mvuke nyuma ya nyumba yetu, na mimi nilikuja kuambiwa ni kitu gani siku moshi ulipotoka. Basi Arvo akawaambia wauguzi atakuja kumchukua mkewe Jumamosi. Hakusema kwa nini si leo.

Wala fundi hakumwita. Mwanamume wa mtaa wetu akimwita fundi kwa ajili ya sinki, majirani watakuja kumuuliza anaumwa nini.

Duka la hadwea ni la Clyde Trevarrow. Lina benchi karibu na jiko la kuni, na benchi lina wastaafu watano ambao sijawahi kuwaona wakinunua kitu. Arvo alipokwenda huko nilipanda gari lake kwa sababu nilihitaji unga, nikaingia naye dukani.

"Arvo!" Clyde akaita. "Tukupe nini?"

"Sinki. Liwe jepesi, na kina kifupi."

"Lempi amekufukuza jikoni au amekuajiri?"

Benchi likacheka. Arvo akaenda kuyapima masinki kwa shubiri, moja moja, kama mtu anayechagua tikiti. Akachukua la bati lisiloshika kutu, lenye kina cha kiganja na nusu. Clyde akatoa chaki na kuchora mstari ubavuni mwa kabati.

"Safari ya kwanza," akasema. "Kazi ya bomba haijawahi kwisha kwa safari moja tangu dunia iumbwe. Rekodi ni safari tisa, na mwenye nayo ni mchungaji wetu."

"Mimi nitakuja mara mbili," Arvo akasema.

"Hata mchungaji alisema hivyo, na yeye anaomba Mungu."

Baada ya ule mlio nilivuka kwenda kwake, na kazi iliyobaki niliiona kwa macho yangu, maana mimi ndiye niliyemshikia tochi. Sinki la zamani lilikuwa limemponyoka kama nilivyosema, likavunja vigae viwili. Akaondoa kabati lote la chini, ili pabaki wazi na magoti yapite. Akapiga ukutani fremu ya mbao ngumu, akaipima kwa ule uzi wenye mafundo, fundo hadi fundo. Akaweka pima maji juu yake na kungoja mpaka kiputo cha hewa kikatulia katikati. Akaleta kiti cha jikoni, akakaa, akasukuma magoti chini ya sinki, akanyoosha mkono mmoja tu, wa kushoto, mpaka kwenye koki. Akatoka, akaisogeza koki vidole vitatu upande wa kushoto, akakaa tena.

Bomba la maji ya moto alilizungushia kitambaa cha sufu tabaka kwa tabaka, akalifunga kwa utepe.

"Hilo la nini?" nikamuuliza.

"Miguu yake haisikii moto. Itaungua na yeye hatajua."

Nikaielekeza tochi pembeni ili asinione uso.

Ijumaa mchana akafungua maji. Yalitoka vizuri, ya baridi na ya moto, hakuna nati iliyovuja. Sinki likajaa nusu, Arvo akavuta kizibo. Maji yakashuka kidogo, yakasimama.

Tukayatazama. Yalisimama tu pale, yakizunguka polepole.

Akalala chini. Nikainama na tochi, na hapo hata mimi nisiyejua bomba nikaona. Tundu la maji machafu lilikuwa ukutani pale pale lilipokuwa tangu enzi za kampuni, kwa urefu wa sinki la mtu anayesimama. Sinki jipya lilikuwa limeteremka, na tako lake sasa lilikuwa karibu sawa na lile tundu. Bomba alilounganisha lilitoka kwenye sinki, likajikunja, halafu likapanda kwenda ukutani. Alitaka maji yapande ngazi.

"Umempima Lempi," nikasema, "ukuta hukuupima."

Alipitisha kidole kwenye ukingo wa lile tundu. "Ndiyo," akasema.

Jumamosi tulikwenda wodini. Nilidhani atapiga simu, lakini jambo kama hilo yeye asingelisema kwa simu. Tulimkuta Lempi amevaa koti. Muuguzi alikuwa amemchana nywele na kumvalisha kofia yake ya sufu ya bluu, na mkoba alikuwa ameupakata. Wiki nzima alikuwa ameapa harudi, na sasa alikuwa amekaa akitazama mlango.

"Bado," Arvo akasema. "Jumamosi ijayo."

"Bado nini?"

"Mambo ya nyumbani."

Lempi alimtazama. Halafu akaivua kofia kwa mkono wa kushoto, taratibu, akaiweka juu ya mkoba. "Haya," akasema. "Mambo ya nyumbani."

Wiki iliyofuata Arvo alifungua ukuta. Vumbi la plasta lilitanda nyumba nzima, likaingia mpaka kwenye makabati ya vyombo. Nyuma yake kulikuwa na bomba la chuma nene kama paja, lina umri wa baba yake. Alilikata kwa msumeno wa mkono siku nzima, na lilipokaribia kukatika likapasuka lenyewe, ufa ukashuka mpaka chini ya sakafu, mpaka ghala la chini. Ikabidi alitoe lote, kipande kwa kipande, na kuweka la plastiki. Mikono yake ikawa na vidonda, na kiwiko akakifunga kitambaa.

Mistari ya chaki kwa Clyde ikafika sita.

"Arvo, unamkaribia mchungaji," mmoja wa benchi akasema.

"Nahitaji kiwiko," Arvo akamwambia Clyde.

"Cha bomba au hicho ulichokifunga?"

Wakacheka, lakini si sana. Uso wa Arvo ulikuwa mweupe kwa plasta mpaka kwenye kope. Clyde akaweka kiwiko cha plastiki juu ya meza, asikiachie.

"Sikiliza, bwana," akasema kwa sauti ya chini. "Mpwa wangu ni fundi. Kesho asubuhi anakuja, kazi ya saa mbili, basi. Hakuna atakayejua."

"Hapana."

"Kwa ajili ya Lempi, Arvo."

"Ni kwa ajili ya Lempi," Arvo akasema. Akakichukua kiwiko. Benchi zima likatazama ndani ya vikombe vya kahawa.

Jumatano nilikwenda kumwona Lempi peke yangu. Nilimpelekea mkate wa iliki niliooka mwenyewe, naye akaumega, akautafuna upande mmoja wa mdomo, akasema umekauka. Nikafurahi, nikaona huyu ndiye Lempi wangu. Kisha akaliweka lile pande la mkate kwenye sahani.

"Elma. Hanitaki, eh?"

"Nani kakuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Ndiyo maana najua." Alikuwa anaongea polepole, maneno yakimtoka yameinama. "Miaka arobaini na sita nimekisoma kimya chake cha kila aina. Hiki sikijui. Anakuja, anakaa hapo, ananuka chokaa, anatazama magoti yangu, anaondoka. Mtu asemaye 'Jumamosi' mara mbili hataki. Nami simlaumu. Nani atamtaka mzigo huu?"

Nilikuwa nimeahidi. Nikakaa na ahadi yangu kama dakika moja, nikiitazama ile kofia ya bluu kwenye ndoano, halafu ikanishinda.

"Anakutengenezea sinki," nikasema.

"Nini?"

"Sinki. La chini. Utakaa kwenye kiti na magoti yatapita. Alikupima kwa uzi ukiwa umesinzia kitini. Akasahau tundu la maji liko juu, sasa amebomoa ukuta wote, na bomba limepasuka mpaka chini, na Clyde anamchorea chaki."

Alinitazama. Kisha upande mmoja wa uso wake ukaanza kucheka, ule wa pili ukitazama tu, machozi yakatoka pande zote mbili sawasawa.

"Mjinga yule," akasema. "Mjinga. Kasahau ukuta?"

"Kasahau ukuta."

"Mwambie nakuja. Mwambie nakuja hata bila sinki. Nitaosha kwenye beseni, nitalipakata. Mwambie aje leo, Elma. Koti langu lile pale."

Niliendesha gari kwa kasi nisiyoizoea. Saa kumi jioni jua bado lilikuwa juu ya theluji, nikaingia kwa Arvo bila kubisha. Nilimkuta amelala chini ya sinki, nje imebaki miguu tu.

"Arvo, toka. Lempi anasema uende ukamchukue leo."

Miguu ikatulia. "Umemwambia."

"Nimemwambia. Alidhani humtaki."

Spana ikawekwa sakafuni, taratibu. Alitoka, akakaa ameegemea ukuta uliobomolewa, mikono juu ya magoti.

"Alidhani hivyo?"

"Angefikiri nini kingine? Anasema atakuja hata bila sinki. Ataosha kwenye beseni."

Nilimwona anawaza. Nilimwona akiutazama mlango, na funguo za gari zilizoning'inia kwenye msumari kando yake. Kisha akatazama ukuta, vumbi, bomba lililokaa wazi kama mfupa, na sinki lisilo na maji. Uso wake ukajifunga.

"Haijaisha, Elma."

"Anasema hajali."

"Jikoni hakuna maji. Hata kikombe hatapata cha kuosha. Nimlete aone hivi?"

"Ndiyo, aone hivi!"

"Jumamosi," akasema. "Nimebakiza kidogo tu. Jumamosi atalikuta tayari." Akarudi chini ya sinki.

Nilisimama pale, funguo zangu mwenyewe mkononi. Ningeweza kugeuza gari. Badala yake nilikwenda nyumbani kumenya viazi.

Alhamisi, wakati wa kahawa ya asubuhi, nilimwona dirishani amesimama na simu sikioni. Alisimama muda mrefu bila kusogeza midomo. Kisha hakuwepo tena dirishani, na kabla sijafikia mlango wangu alikuwa ameshafika, bila koti, katika baridi ile, spana bado mkononi.

"Lempi," akasema.

Kiharusi cha pili. Walisema alikuwa anakunywa chai, wakasema amekwenda bila kuumia.

Ijumaa nilisikia msumeno kwake, na Jumamosi nyundo. Hakuna mtu mtaani aliyemuuliza anafanya nini. Jumatatu ukuta ulikuwa umezibwa na kupakwa rangi, vile vigae viwili vimebadilishwa. Jumanne tulifanya ibada. Jeneza likaenda kuwekwa kwenye nyumba ya mawe ya makaburini, maana Machi huku ardhi imeganda, haichimbiki, na wafu wetu wa majira ya baridi hungoja Mei. Arvo alilipapasa mara moja kwa kiganja, kama anayekagua mbao iliyopigwa randa, akageuka.

Kahawa ya msiba kwetu hunywewa katika ukumbi wa chini wa kanisa. Arvo alikataa. Alisema watu waje nyumbani. Wakaja, nyumba ikajaa mabuti na makoti yaliyolowa, sambusa kubwa za nyama na viazi, na mikate ya iliki kutoka kila jiko la mtaa. Clyde alikuja na benchi lake lote, wamevaa tai. Hakuna aliyetaja safari ngapi.

Vikombe vilipokwisha, wanawake wa kanisa wakaingia jikoni kuosha. Ni wanawake wazima, wengi wana miaka zaidi ya sitini, na sinki lile liliwafika mapajani. Wakaosha wameinama, mmoja akichoka anampisha mwenzake, wakishika viuno wakidhani hakuna anayewaona. Hakuna aliyelalamika. Wote walikuwa wanajua, mtaa wetu ni mdogo. Asiyejua alikuwa Irene, binamu yake Lempi, aliyefika asubuhi hiyo kwa basi kutoka Detroit.

"Jamani, mgongo wangu!" Irene akasema, akijinyoosha. "Arvo, hili sinki umemwekea mtoto gani?"

Mikono ikasimama juu ya vikombe, maji tu yakitiririka. Irene akatuangalia mmoja mmoja, akitafuta amekosea wapi.

Arvo alikuwa mlangoni na trei ya vikombe. Aliiweka mezani, akavuta kiti cha jikoni, akakiweka mbele ya sinki.

"Kaa," akamwambia.

Irene akakaa. Magoti yakapita chini bila kugusa kitu. Mkono wake wa kushoto ukaifikia koki wenyewe. Nikaona mabega yake yanashuka, akaelewa. Hakusema samahani, maana ingekuwa vigumu kwa wote. Alichukua kikombe, akakiosha, akakisuza, akachukua kingine. Aliosha vyote vilivyobaki, na sisi tukafuta.

Watu wakaondoka kabla giza halijaingia, kwa sababu ya barafu barabarani. Irene alikwenda kulala kwangu. Mimi nilibaki kumsaidia Arvo na sufuria kubwa za kahawa. Safari hii yeye ndiye aliyekaa kwenye kiti, mikono yenye majeraha ndani ya maji ya moto, na mimi nilisimama na taulo. Alikuwa anaosha vizuri, anazungusha kitambaa mpaka kwenye mdomo wa sufuria, hakuacha mafuta. Akavuta kizibo. Maji yakashuka yote kwa mvuto mmoja laini, sinki likabaki tupu na safi.

Alifungua koki tena asuuze, akaiacha wazi, akawa anayatazama maji yakienda. Alikuwa amenipa mgongo. Alisema kitu, na sauti yake ilikuwa ndogo hivi kwamba ilinibidi ninyooshe mkono nifunge koki ndipo nimsikie.

"Laiti ningekwenda kumchukua ile Jumatano."